Nyaya Tatu za Papa Faustin

Groupe, ile jenereta, ilizimika kwa mara ya nne, televisheni ikazimika nayo, ngumi ikiwa bado hewani.

"Nilikuwa nimeshinda!" Byamungu aliruka kutoka kwenye benchi. "Wote muliona! Alikuwa amebakiza nguvu kama uzi!"

"Sheria njo ile ya asubuhi," alisema Papa Faustin. "Groupe ikizima, munarudia mwanzo."

"Hii groupe iko inaniua kuliko yeye!"

Faustin akatoka nje kuupuliza mrija wa mafuta, rozari ikimgonga mfukoni. Tangu asubuhi ilikuwa hivyo: wachezaji kumi na sita wa mchezo wa video wa kupigana, manette mbili za kubonyeza, moja ikiwa na kitufe kinachokwama, na televisheni ya kuazima. Tena ukumbi wa kanisa la Kashebere ulipaswa kufungwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kukutwa barabarani.

Zawadi ilikuwa moja tu. Papa Kasika, mfanyabiashara wa Butembo, alitoa nafasi moja ndani ya lori lake la kesho, na mwaka mzima wa kulala na kula kwa ndugu zake huko. Vita ilikuwa imewafungia vijana njia zote, na katika hao kumi na sita alikuwamo Edmond, mtoto wa Faustin. Watu wa msituni walikuwa wamekuja kumuulizia kwa jina. Mara mbili.

Aliyemtia Faustin hofu alikuwa msichana. Consolée alikuwa amekimbia vita huko Ngungu. Dada yake, Brigitte, alimleta kabla ya wote, akamchagulia kiti cha kushoto, kisha akamvuta Faustin pembeni kabla hajaondoka. Walizungumza kidogo.

"Hayo yabaki kwako, Papa," Brigitte alimaliza. "Hapendi kuonewa huruma. Anaomba kitu kimoja tu, sauti iwe juu."

Faustin aliahidi mbele ya Mungu, mkono kifuani. Kila mchezaji ana masharti yake: Byamungu hachezi bila kofia yake nyekundu, Edmond lazima asugue vidole na majivu.

Groupe ikawaka. Nusu fainali ikarudiwa, na Byamungu akapigwa na Consolée raundi ya kwanza. Katikati ya raundi ya pili waya wa njano, ule wa picha, ukachomoka, kioo kikawa cheusi. Byamungu akaachia manette na kushika kichwa. Consolée akaendelea kubonyeza mpaka mpiganaji wa Byamungu akasikika akianguka.

"Eh, dada! Unanipiga nikiwa nimelala?"

"Samahani, kaka. Vidole vilikuwa vimeshaanza."

Wengine walicheka, wengine wakamzomea. Faustin akaamuru raundi irudiwe. Consolée akashinda tena. Byamungu alimnyooshea mkono wa pongezi, lakini Consolée hakuushika.

"Anajivuna, huyo!" sauti ikatoka nyuma.

Faustin alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni na nyaya tatu mkononi, wa njano, mwekundu na mweupe. Akazichomeka tena moja moja.

Fainali ilikuwa ya Consolée na Edmond. Atakayeshinda raundi mbili ndiye wa lori. Raundi ya kwanza haikuchukua muda. Consolée alikaa wima, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, midomo ikihesabu, na mpiganaji wa Edmond akalala kabla hajarusha teke.

Edmond akamgeukia baba yake. Macho yale Faustin aliyajua. Ndiyo yaliyomtazama kutoka chini ya kitanda, mara ya pili wale wa msituni walipokuja.

Akasimama. "Ngojeni kwanza. Askari wa kambi ya mlimani wametuma neno. Kelele za mchezo zinawasumbua walinzi."

"Wametuma saa ngapi?" Byamungu aliuliza.

"Unataka kwenda kuwauliza?"

Hakuna aliyetaka. Faustin akapiga magoti, palepale anapopiga magoti kila Jumapili, akachomoa waya mwekundu na waya mweupe, zile za sauti.

Picha ilibaki safi kabisa. Ukumbi ukawa kimya.

"Papa Faustin, sauti?" Consolée aliuliza.

"Ni amri, mwanangu."

"Sawa, Papa."

Hakulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Faustin. Raundi mbili zilizobaki, mpiganaji wa Consolée alirusha ngumi pasipo na mtu, akampa Edmond mgongo. Edmond akampiga bila haraka, kama mtu anayepura maharage.

"Amechoka!" walicheka. "Majivuno yameisha!"

Wakambeba Edmond mabegani, wakatoka naye wakiimba kwenda kwa Papa Kasika. Faustin akazima groupe. Alianza kusali Baba Yetu mara tatu, na mara tatu akakwama palepale, kwenye makosa. Mtoto wangu ataishi, alijiambia. Bwana, wewe unajua. Lakini Consolée naye alikuwa na haja ya lile lori, na Faustin hakuuliza haja gani.

Consolée alikuwa bado amekaa, manette mapajani.

"Papa Faustin, wote wametoka?"

"Wametoka."

"Umwambie Edmond asafiri vizuri." Aliinama, akapapasa chini ya kiti, akaibuka na fimbo nyembamba ya kupapasia njia. "Sasa nishike mkono, Papa. Siku nzima mlango niliujua kwa sauti ya televisheni. Iliponyamaza, nikaupoteza."

Akanyoosha mkono kuelekea ukutani, ambako hapakuwa na mtu.