Kidole Gumba

Haya alinihadithia Nasra juzi, tukichambua mchicha. Anakaa na kaka yake Kombo, mchoma mkaa, na binti mdogo wa Kombo, Tunu.

Jioni moja Tunu alikuwa ameona kwenye televisheni katuni ya mti unaolia kwa kukatwa. Kombo alipoinuka kwenda kulinda tanuri lake, mtoto akamshika kidole gumba.

"Baba, usiende. Mti utalia."

"Siendi kukata, mama. Naenda kuziba matundu tu, moto usile mkaa."

"Na kesho?"

Kombo akakaa kitandani kando yake.

"Wee Kombo!" Nasra akaita toka jikoni. "Tanuri likitoboka tutavuna majivu! Au katuni ndiyo itatununulia unga?"

"Ngoja alale."

Tunu akalala. Lakini kila baba yake alipovuta kidole, kile kikono kilikaza. Angeweza kujichomoa kwa nguvu, hakujichomoa.

Dirishani, kule kwenye tanuri kulikokuwa na moshi tu, kukaonekana wekundu wa moto. Kombo akautazama, akautazama, hata kichwa kikamwangukia kifuani, akalala vivyo hivyo amekaa, kidole kingali mkononi mwa mwanawe.