Macho ya Mama Mkwe Hayagombani

Fundi Mkuu anakiri mwenyewe, na karakana nzima haijawahi kumbishia: siku ile mjinga alikuwa yeye.

Asubuhi hiyo Bosi alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo ya taka, tai ikining'inia ndani, akiirudisha chai aliyoinywa kwa heshima zote. Alikuwa ametoka kuvaa miwani ya uhalisia pepe ya karakana yake, ile inayofunika uso kama kinyago na kukuzungushia bustani nzima ilhali umekaa kitini. Kipepeo alimjia puani. Kilichofuata ni ndoo.

"Si nilisema?" Dada Lenzi alisema. Walimwita hivyo kwa sababu lenzi zote humo zilipita mikononi mwake. "Kipepeo akisogea, macho mawili yanageuka yakutane puani. Lakini picha yenyewe iko kwenye kioo, umbali uleule, na ili uione vizuri lazima yakaze hukohuko. Amri mbili kwa mpigo! Macho yanagombana, kichwa kinalipa faini. Na hii tunataka kuwapelekea watoto wa shule? Tuiunde upya."

"Tuiunde upya!" Fundi Mkuu alicheka mpaka kalamu ikamdondoka sikioni. "Nyinyi mna vichwa vya mayai, halafu mnaisingizia miwani. Ile niliyoipeleka nyumbani, mama mkwe wangu anaivaa kuanzia mchana mpaka giza liingie. Akiivua, anauliza chakula kiko wapi."

"Labda anasinzia humo ndani."

"Yule? Yule halali hata akilala! Macho ya mama mkwe wangu hayagombani, dada. Yana adabu."

Bosi aliinuka, akajifuta mdomo kwa ncha ya tai.

"Mlete," alisema. "Akichefuka, miwani inarudi mezani na kiti chako anakikalia Dada Lenzi. Asipochefuka, mzigo unakwenda shuleni wiki hii hii, na Dada Lenzi sitaki kumsikia tena."

Fundi Mkuu alikubali hata kabla sentensi haijafika mwisho. Kwani alikuwa na wasiwasi gani? Mama mkwe alikuwa akiishi kwake, na yeye alimheshimu heshima ya kupitiliza. Akisema naye, kichwa chini. Akimpisha mlangoni, kichwa chini. Mama akimmiminia chai, nusu huingia kikombeni na nusu kwenye kisahani. Fundi Mkuu huinywa ya kisahani bila kuguna, akijua ndicho kipimo chake. Akimwita kutoka upande wa kushoto, mama hageuki. Fundi Mkuu aliamini anadharauliwa, basi akaongeza heshima.

Mama mkwe alifika mchana, mkoba kwapani, akawasalimu wote kwa kugeuza shingo nzima kama mkaguzi wa majeshi.

"Ndiyo hii kazi yenu? Kuchezea miwani?"

"Shikamoo, mama," Fundi Mkuu aliviambia viatu vya mama mkwe.

"Marahaba, baba. Nivalishe, nina mambo mengine."

Alivalishwa. Dada Lenzi akawasha skrini ya pembeni ili kila mtu aone anachokiona mama, kusudi pasiwe na habari za kusinzia. Wakamwachilia vipepeo. Mama akawa anawafukuza kwa mikono. Wengi aliwakosa, akipapasa hewa mbele yao au nyuma yao, lakini hamu haikumwisha hata kidogo.

"Huyu wa manjano ana kiburi!" alifoka. "Njoo hapa, mpuuzi wewe!"

"Mama," Bosi aliuliza, akijiweka karibu na ndoo yake, "unawaona wawili wawili?"

"Mmoja mmoja. Kwani nyinyi mnaona vipi?"

"Kichwa je?"

"Kipo."

Kila mfanyakazi pale alikuwa ameivua miwani ile akiwa na uso wa majivu. Mama aliendelea mpaka Bosi akachoka kusimama. Akasogezewa kipepeo mpaka kwenye ncha ya pua, palepale palipomwangusha Bosi. Akampuliza.

"Basi," Bosi alisema. "Nimeridhika."

Dada Lenzi alianza kukusanya vifaa vyake, akifuta lenzi moja ambayo tayari ilikuwa safi. Fundi Mkuu, kwa upande wake, alijitupa kwenye kiti chake, akazunguka nacho mzunguko mzima.

"Dada Lenzi," aliita, "ukiwa unatoka, nifungie mlango taratibu. Sisi wenye vichwa vizima hatupendi kelele."

Mama mkwe aliivua miwani, akajipepea kwa mkoba.

"Hiki kinyago chenu kina joto. Mwanangu, niletee maji safi kwenye glasi."

Fundi Mkuu aliruka kitini kama mhudumu wa harusini. Alirudi mbio, akapiga goti, akainyoosha glasi kwa mikono miwili, kichwa chini kama kawaida. Mama hakuipokea. Kitu kikadondoka ndani ya glasi, kikagonga kitako chake: ting!

Bosi akarudi kwenye ndoo. Dada Lenzi akaweka vifaa vyake chini, akakivuta kile kiti kitupu, akakaa.

Ndipo Fundi Mkuu alipoinua kichwa. Kutoka ndani ya maji, jicho la bandia la kahawia, lililong'arishwa vizuri, lilikuwa linamtazama. La pili, lililobaki usoni kwa mama mkwe, lilikuwa linacheka; halikuwa na la kugombana nalo.

"Mama! Miaka yote hii... mbona hukuniambia?"

"Tangu umuoe binti yangu, baba, unaviamkia viatu vyangu. Nilidhani vimeshakuambia."