Majina Mgongoni

Sindano ilikwisha kuandika majina mawili kwenye mgongo wa msichana pale Pyo Dong-gil alipochomoka kibandani, huku akifunga vifungo vya koti lake la ulinzi.

Msichana alikuwa amepiga magoti juu ya lami mbele ya lango la kiwanda cha chipu za kompyuta, mto ameukumbatia kifuani, mgongo wazi ukiwatazama wafanyakazi wa zamu ya usiku waliokuwa wakitoka. Alivaa ovaroli nyeupe kama ile ya wanawake wanaofanya kazi kiwandani, lakini aliiteremsha hadi kiunoni. Kofia ya kitambaa na barakoa hakuvivua, kwa hiyo sura yake yote ilikuwa macho tu. Nyuma yake, juu ya kigoda, mzee mmoja alichovya sindano kwenye wino mweusi. Damu ikachuruzika. Akaipangusa kwa pamba, akaendelea.

Pyo alimfahamu. Alikuwa Tak Man-ho, mchonga mihuri wa sokoni. Nusu ya mji iligonga karatasi zake kwa majina aliyoyachonga yeye.

"Mzee Tak, umerukwa na akili? Baridi yote hii! Mfunike binti yako!"

"Binti yangu hasikii baridi tena," mzee alijibu bila kuinua kichwa.

"Na huu ndio mchezo gani?"

"Si mchezo, mjomba Pyo, ni sanaa," akasema msichana. Mwili wote ulikuwa ukimtetemeka, sauti haikutetemeka. "Kampuni inasema haina kumbukumbu za waliougulia humo ndani. Basi kumbukumbu nitakuwa mimi. Wakitaka kuzifuta, wanichune ngozi."

Pyo alikuwa na hasira mno hata hakujiuliza jina lake amelijuaje.

Wafanyakazi walianza kwa kucheka. "Angechorwa joka, angalau apendeze!" kijana mmoja alipiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko. Wanafunzi waliokuja kwa basi kutoka Seoul kumuunga mkono walikuwa wameinua simu zao wakipiga picha. Kisha mwanamke mmoja akasogea, akausoma ule mgongo, na kicheko kikamkauka mdomoni. Akainama sikioni mwa mzee, akataja jina. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaja mwingine. Mara wakajikuta wamepanga foleni.

"Haya, tembeeni! Mabasi yanaondoka!" Pyo alifoka.

Hakuna aliyesogea. Naye aliisikia sauti yake ikitoka kama ya mtu aliyetumwa, na hasira ikazidi kumpanda. Alidhani anamkasirikia mzee. Haikuwa hivyo.

Mdogo wake, Dong-su, alifanya kazi humo ndani, kwenye mabeseni ya dawa kali za kusafishia chipu. Alianza kutokwa na madoa ya damu iliyovilia kwapani, ambako hakuna aliyempiga. Kisha damu ya pua ikamdondokea kwenye bakuli la wali, mbele ya mama yao. Daktari wa kampuni alisema ni damu mbaya ya ukoo. Ukoo wa kina Pyo, ambao wazee wake walikufa mvi zimewajaa! Baada ya mazishi, kampuni ilimpa Pyo kazi ya kulinda lango. Naye aliinama mpaka kiunoni, akashukuru. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma.

Alivua kofia yake ya ulinzi, akaingia kwenye foleni.

Zamu yake ilipofika hakunong'ona. "Pyo Dong-su!" alisema, watu wote wakageuka.

"Su ipi?" mzee akauliza, kama anavyowauliza wateja wake sokoni, kwani herufi za kale zinazosomwa Su ni nyingi na kila moja ina maana yake. "Ya maji?"

"Ya maisha marefu," alijibu Pyo, akacheka kicheko kichungu.

Sindano ikazama. Msichana akauma meno, vidole vyake vikaukaba ule mto.

Gari jeusi likasimama hapo hapo. Mkurugenzi Ma Jung-hyeok aliteremka kabla dereva hajamfungulia mlango, tai imempinda, uchovu wa ndege bado umo machoni.

"Pyo! Unalipwa usimame? Mburute huyo aondoke langoni pangu!"

"Sindano bado imo mwilini, bwana mkurugenzi. Jina la mdogo wangu halijaisha."

"Huna kazi tangu sasa."

"Nashukuru," akasema Pyo. Safari hii hakuinama.

Mkurugenzi akamgeukia mzee. "Na wewe huna haya! Baba gani anamtoboatoboa mtoto barabarani ili watu wamwonee huruma? Si umvunje na miguu kabisa, picha zitoke vizuri!"

Mzee Tak aliendelea kuandika. Mkono wake ulikuwa umetulia, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni.

"Mimi nasema na wewe!"

Mkurugenzi akaidaka ile kofia ya kitambaa, akaivuta kwa nguvu, ikatoka pamoja na barakoa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upara. Msichana akainua uso, akamtazama.

Mkono wa mkurugenzi ukabaki hewani.

"Mama yako," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo Pyo hakuwahi kuisikia kwake, "aliniambia uko Berlin."

"Sogea, Baba," msichana akasema. "Unamzibia mzee mwanga."