Kiapo cha Neville Mbele ya Kamera

Mara ya kwanza roboti ya Neville Entwistle iliposhiriki mapigano ya roboti kwenye televisheni, ilijitumbukiza yenyewe katika shimo la ulingoni, mpinzani akiwa bado hajasogea. Mwaka uliofuata iliwaka moto wakati wa kutambulishwa. Safari ya tatu ilizunguka papo hapo kama pia mpaka betri ikaisha, na watu wa Bolton, mji wake, wakapata cha kuchekea baa majira yote ya baridi.

Aibu haikumkomesha. Neville alikuwa fundi wa lifti aliyestaafu, na roho yake yote ilikuwa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, alikoiunda roboti hiyo, Kiboko, kwa mota ya mashine ya kukatia majani na mabati ya jiko kuukuu. Akiingia humo baada ya chai ya asubuhi, hatoki mpaka aitwe kula.

Paa la kibanda lilipovuja, ilibidi akae ndani ya nyumba wiki kadhaa, na hakukaa bure. Alimpangia mkewe Beryl vikombe upya, akamwonyesha namna bora ya kumenya viazi, akamwelekeza jinsi ya kufungua friji bila kupoteza baridi. Beryl alisema asante kila mara. Kisha akaazima ngazi kwa jirani, akapanda mwenyewe, akaliziba paa. Neville alimsifu kwa kila mtu kwamba mke wa namna hiyo hapatikani.

Ndipo mwaka huu, mtangazaji alipomuuliza mbele ya kamera kama hajachoka kuchekwa, ulimi ukamteleza.

"Nikishindwa na leo," akasema, "kibanda nakibomoa. Nakaa nyumbani na mke wangu, kutwa. Maskini, amenivumilia sana."

Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Kamera ikamgeukia Beryl kwenye viti vya mbele, naye akatabasamu vile mtu wa Bolton anavyotabasamu akipewa chai iliyopoa.

Neville alijuta papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Na mpinzani wake alikuwa nani? Craig Tolley, bingwa mtetezi, kijana mwenye shingo nene kama kisiki, ambaye roboti yake Nyundo haikuwa na desturi ya kumwacha mtu na roboti nzima.

"Umeshakiaga kibanda, mzee?" Craig akamuuliza.

"Kidogo," Neville akasema, na kweli asubuhi ile alikuwa amekibusu mlangoni.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hata mabingwa waliiogopa. Kila rimoti ilikuwa na mawimbi yake, na kila mawimbi yalikuwa na kibanio cha nguo cha rangi yake, kimebanwa kwenye ubao nyuma ya pazia. Huwashi rimoti mpaka uchukue kibanio chako ukibane kifuani, maana rimoti mbili zikiwaka kwenye mawimbi yale yale, roboti hurukwa na akili. Aliyewasha bila kibanio hutolewa mashindanoni, hana wa kumlilia. Cha Neville kilikuwa cha manjano.

"Lete hiyo rimoti niipanguse," Beryl akamwambia alipokuja nyuma kumtakia heri. "Ina mafuta mpaka inatia aibu. Nenda kanywe chai, mpenzi."

Akaenda, akanywa. Kabla hajamaliza akaitwa, akakimbizwa ulingoni na biskuti mdomoni, rimoti mkononi inang'aa.

Kengele ikalia. Neville akabonyeza mbele, Kiboko ikarudi nyuma. Akabonyeza kushoto, ikaenda kulia. Taa ndogo ya rimoti haikuwaka, lakini ni lini taa za Neville ziliwahi kuwaka? Akakiona kibanda chake kikibomolewa ubao kwa ubao, na machozi yakamlenga.

Nyundo ikaja mbio. Kiboko ikapisha kidogo tu, kama mama anayesukuma kigari cha manunuzi dukani Jumamosi, ikaiacha ipite, kisha ikaigeukia na kuikaba ubavuni. Neville akaelewa kwamba siri ni kutoilazimisha. Akaiachia iende inakotaka, yeye akiifuata kwa vidole, na kadiri alivyoifuata ndivyo walivyozidi kupatana.

"Itazameni mikono ya huyu mzee," mtangazaji akasema. "Sijawahi kuona mikono kama hii."

Kiboko ikaisukuma Nyundo mpaka ukingoni, ikapumzika, ikasukuma tena bila papara, na bingwa akatumbukia shimoni. Ukumbi ukaripuka kwa shangwe. Neville alilia waziwazi, hakujificha. Akampa Craig mkono na kumwomba radhi mara mbili, ndivyo alivyolelewa, kisha akaieleza kamera kwa kirefu habari za vidole na subira. Kibanda kilikuwa kimepona.

Alipofika nyuma ya pazia kurudisha kibanio, akapapasa kifuani. Hapakuwa na kitu. Kwa haraka ile hakukichukua kabisa. Ushindi wake wote ungefutwa, akatimua mbio kwenda kwenye ubao kabla msimamizi hajafika.

Beryl alikuwa amesimama pale, anakibana kibanio cha manjano mahali pake. Mkoba wake ulikuwa wazi, na katikati ya sufi za kufumia ilichomoza antena ya rimoti ya zamani ya Kiboko, kando yake zimelala betri za rimoti ya Neville.

"Kukaa nami kutwa, ati," Beryl akasema huku akifunga zipu. "Kesho asubuhi nenda kibandani, Neville. Chai nitakupitishia dirishani."