Tanzia ya Mwaka wa Saba

"Tanzia hii inafanana na za miaka iliyopita. Andika kitu kipya, ama ukurasa utafutwa."

Ralitsa aliyasoma kwa sauti maandishi mekundu ya kompyuta. Tovuti ya tanzia za kijiji, ambako kila mwaka marehemu hutolewa tanzia upya ili akumbukwe, aliitengeneza mwenyewe, ila ilikuwa imewekwa kwenye jukwaa la mtandaoni la kampuni kubwa, na kampuni ilishabadili masharti tena.

Bibi mwenye kitambaa cheusi alisogeza mezani bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ya kumkumbuka marehemu mumewe.

"Kipya kipi, mwanangu? Bado amekufa."

"Ndivyo wanavyotaka, bibi."

"Ya karatasi nimeibandika mlangoni, lakini anapita nani pale siku hizi? Paka. Binti yangu yuko Hispania, ataisomea wapi?"

Ralitsa alikuwa ameiandikia kampuni mara tatu. Kila mara ilimjibu mashine, ikamtakia siku njema. Sasa zilibaki dakika nne ukurasa ufutwe.

Chini ya picha ya mzee aliyenuna, mashine ilikuwa imependekeza maneno yake yenyewe, yamezungukwa na maputo: Hongera kwa kutimiza miaka saba! Pembeni kulikuwa na kitufe kimoja tu: Kubali.

Kidole cha Ralitsa kilikuwa na sukari ya ile ngano aliyoionja. Alikipangusa kwenye suruali, taratibu, punje kwa punje, kisha akabonyeza.

"Wamekubali?" aliuliza bibi, ambaye macho yake hayakuwa yakiona tena herufi.

"Wamekubali, bibi."

"Afadhali. Haya, nisomee."