Jumanne na Ijumaa

Springi aliruka kwa mguu wa kulia, akajizuia hewani, akatua karibu.

Daktari wa viungo aliinama na futi ya kamba. "Mita moja na kumi na mbili." Mguu wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umefika mita moja na sitini. Ili aruhusiwe kurudi uwanjani, mguu uliopasuliwa ulitakiwa umfikie mwenzake, au tofauti isizidi shibiri moja.

"Bado," daktari alisema, akaandika.

Kwenye benchi la ukutani, baba yake Springi alishusha pumzi, akamwambia binti yake: "Hamna neno, mama. Kiti chenye mguu mbovu hakikaliwi kwa pupa. Ijumaa tutakuja tena."

Alikuwa seremala, na mifano yake yote ilitoka karakana. Karakana yenyewe ilikuwa na kufuli mlangoni miezi kumi sasa.

Ilianzia kwenye fainali ya voliboli. Springi aliruka kuupiga mpira, akatua vibaya, na goti likalia kama ubao unaovunjika. Ule mkanda wa ndani unaoshikilia goti ulikatika. Walimpasua, wakachukua kano ya nyuma ya paja lake mwenyewe, wakamtengenezea mkanda mwingine. Aliporudi nyumbani, mama yake ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemtilia mto chini ya mguu. Wiki ya tatu, asubuhi, mama alikaa kwenye kiti cha jikoni apumzike kidogo, na hakuinuka tena.

Tangu siku ile baba hakugusa msumeno. Alishinda sebuleni, redio ikiongea peke yake. Simu ikiita, aliitazama namba, akaikata.

"Nani, baba?"

"Watu tu."

Lakini Jumanne na Ijumaa alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu, akavaa shati la pasi, akabisha mlango wa binti yake mapema. "Mama, umeamka? Leo kliniki." Walipanda pamoja ngazi za ghorofa tatu, mzee akihema, na kila walipopumzika alimsimulia habari za mafundi waliojigonga vidole wakisalimia wasichana. Springi alicheka hata zile alizokwisha kuzisikia mara tano.

Mwezi wa nane tangu apasuliwe, goti lilipopona, alikaa kitandani akawaza. Kliniki ikiisha, mzee huyu ataamkia nini?

Ndipo alipoanza kutua karibu.

Nyumbani alichechemea. Siku zisizo za kliniki alijifungia chumbani, akachuchumaa na kuinuka na mfuko wa mchanga mabegani, polepole, sakafu isilie, baba asije akajua kwamba mguu una nguvu. Alitoka kula, akarudi, akafunga mlango.

"Misuli yako inasema kitu kingine kabisa," daktari alimnong'oneza siku moja, akiliminya paja lake. "Unaogopa kurudi?"

"Naogopa," Springi alijibu. Haukuwa uongo. Hakusema tu anaogopa nini.

Jumatano ile kocha alipiga simu. "Springi, orodha ya msimu naifunga keshokutwa saa kumi. Nimekushikia jezi yako mpaka viongozi wananinunia. Nipe neno moja tu."

Springi alifungua mlango kidogo, akachungulia. Baba alikuwa kwenye kochi, mikono mapajani, akitazama ukuta.

"Mpe mwingine, kocha."

"Una miaka ishirini na sita, mdogo wangu. Nafasi kama hii hairudi nyuma kukuita."

"Najua."

Akakata simu. Alijikaza kisabuni, asilie kwa sauti, lakini mto ulilowa.

Ijumaa baba alibisha mlango kama kawaida, shati limenyooka. Foleni ilikuwa ndefu. Walisubiri tangu mchana. Zamu yake ilipofika, Springi aliruka, akatua karibu kuliko siku zote.

"Mita moja na kumi," daktari alisema.

Springi aliitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika tano. Mahali fulani kocha alikuwa amekwisha kupiga mstari chini ya jina la mwisho, na jina hilo halikuwa lake. Tangu darasa la sita hakuwahi kuanza msimu bila kuruka mbele ya wavu. Aliomba ruhusa, akaenda kwenye bomba la koridoni, akafungulia maji mengi, akanawa uso mpaka macho yakaacha kuwaka.

Aliporudi, pazia la chumba cha mazoezi lilikuwa limevutwa. Nyuma yake, baba alikuwa akiongea kwa sauti ya chini. Springi akasimama.

"Daktari, nina ombi. Usimwachishe kliniki haraka. Hata akipona, mwambie bado, aendelee kuja."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Chuo cha ufundi wamenipigia tena, mara ya nne hii, wanataka nikawafundishe vijana useremala. Kazi naitaka, sikufichi. Randa naiota hata usingizini. Ila darasa ni asubuhi mpaka jioni, nimewakatalia." Akakohoa. "Mtoto huyu, tangu mama yake atutoke, anashinda amejifungia chumbani. Nisipomleta hapa mimi, hana kitu kingine cha kumtoa kitandani."