Kutu ya Kofia ya Chuma

Ghati alikuwa ameisugua kofia ya chuma kwa limau na stilwaya mpaka ikang'aa kama sufuria ya arusi, mwanawe alipoingia.

Miezi mitano kijana hakukanyaga Laurel, mji wa Marekani anakoishi mama. Huko Columbia, mji wa jirani, anafua chuma kutengeneza kofia kama za askari wa Ulaya ya kale, na watu humletea zile za zamani azikague kama ni za kweli. Hii ya mteja aliisahau kwa mama. Jana alipiga simu kwamba anaifuata, na Ghati akataka kumfurahisha, labda atakaa ale.

"Mama! Kutu yake iko wapi?"

"Nimeitoa yote, baba. Tazama, unajiona uso."

"Kutu ndiyo shahidi wangu! Sasa hii na niliyotengeneza juzi nitazitofautishaje?"

Nyinyi mnaongoja watoto warudi nyumbani, vitu vyao msiviguse. Ghati aliifumbata stilwaya mpaka ikamchoma kiganja.

"Ndani sijagusa," akanong'ona. "Niliiacha nikasonge ugali."

Kijana, koti bado mwilini, aliipindua kofia, akapitisha kidole ndani taratibu. Kikatoka na unga mwekundu wa kutu.

"Niletee tochi," akasema, akavuta kiti.